Dawa za kudhibiti homoni ya msongo bado hazijatibu sonona

WANASAYANSI wametumia miongo kadhaa kutafuta dawa ya sonona inayodhibiti homoni ya msongo mwilini, lakini hakuna hata moja iliyofuzu majaribio makubwa.

Homoni hiyo, kotisoli, hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Mtu anapopatwa na hofu, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali ya CRH, ambayo huiamuru tezi ya pituitari kutoa homoni ya ACTH. Hiyo nayo huziamsha tezi za juu ya figo. Kotisoli ikitosha, ubongo husitisha amri.

Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, hasa waliozidiwa, breki hiyo hulegea na kotisoli hubaki juu. Aidha, ugonjwa wa Cushing, unaotokana na wingi wa kotisoli, mara nyingi huambatana na sonona. Hapo ndipo matumaini ya watafiti yalipoanzia, na njia tatu zimejaribiwa.

Ya kwanza ni kuizuia CRH, iliyotambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake katika Taasisi ya Salk, Marekani. Dawa ya R121919 ilionyesha dalili njema kwa kikundi kidogo cha wagonjwa mjini Munich, Ujerumani, katika matokeo ya mwaka 2000, lakini iliachwa kwa hofu ya madhara kwenye ini. Dawa ya CP-316,311 ya kampuni ya Pfizer, katika matokeo ya mwaka 2008, haikuvishinda vidonge bandia.

Ya pili ni kuziba vipokezi vya kotisoli kwa mifepristone, dawa inayojulikana zaidi kwa kutoa mimba. Kampuni ya Corcept ya Marekani iliijaribu kwa wenye sonona inayoambatana na kuona au kusikia yasiyokuwapo, ikasitisha jaribio kubwa mwaka 2014. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 dawa hiyo imeidhinishwa Marekani kudhibiti sukari ya damu kwa baadhi ya wagonjwa wa Cushing.

Ya tatu ni kupunguza utengenezaji wa kotisoli kwa metyrapone. Nchini Uingereza, wagonjwa 165 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Waliopewa metyrapone kwa siku 21 hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Sababu moja inayotajwa ni kwamba si kila mwenye sonona ana kotisoli nyingi, ilhali majaribio mengi yaliwachanganya wagonjwa wote pamoja.

Ikumbukwe pia kuwa mwili hauwezi kuishi bila kotisoli, kwani husaidia kudhibiti shinikizo la damu na sukari. Kuipunguza bila usimamizi wa daktari ni hatari.

Kwa mgonjwa asiyepata nafuu, njia salama ni kurudi kwa daktari ili kipimo au aina ya dawa ibadilishwe, au aongezewe ushauri nasaha, badala ya kuacha dawa ghafla.