Breki zinazolia: Zikague kabla ya kushuka Kitonga

Malori yanayoleta shaba ya Zambia na Kongo katika bandari ya Dar es Salaam hushuka mlima Kitonga, mkoani Iringa, yakiwa na mzigo. Kelele ya breki ishughulikiwe kabla ya hapo.

Mlio mwembamba asubuhi baada ya mvua mara nyingi ni kutu. Huisha ukikanyaga breki mara chache. Ukiendelea, safisha vumbi na ukague unene wa laini za breki.

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma: laini zimekwisha. Usiendelee na safari. Badilisha pande zote mbili za ekseli, na fundi apime dramu.

Sauti ya upepo unaovuja: ziba kwanza, ndipo uondoke.

Laini ni nafuu kuliko dramu, na dramu kuliko tela lililopinduka.