Gurudumu la baskeli lililopinda katika mgongano: nani alipe, na alipe nini?

SWALI

Sisi ni familia ya Kipemba tunaoishi Sokon I, Arusha. Mtoto wetu wa miaka 11 alikuwa akiteremka na baskeli yake akagongana na jirani anayechukua ndizi sokoni kwa baskeli. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah, ila gurudumu la mbele la jirani limepinda. Yeye anataka gurudumu jipya zima, pamoja na pesa ya siku mbili alizokaa bila kazi. Fundi anasema la zamani linanyooshwa. Bibi yao wa Wete ametwambia kwa simu kwamba mtoto hana kalamu, basi tusilipe kitu. Na jirani si Muislamu. Tufanye nini?

JAWABU

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Tuanze na maneno ya bibi, kwa sababu tunayasikia sana hata huku Visiwani. Ni kweli kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, lakini hiyo ni habari ya dhambi. Mali ya watu ni mlango mwengine. Jamhuri ya wanachuoni wanasema mwenye kuharibu mali ya mtu ana dhamana, awe amekusudia au amekosea, mkubwa au mdogo. Kwa madhhab yetu ya Imam Shafi, deni hilo limo katika mali ya mtoto mwenyewe. Akiwa na pesa za Idi zilizowekwa, au mbuzi aliyepewa na mjomba wake, walii wake hulipa kutoka humo. Asipokuwa na kitu, baba halazimiki kwa asili ya hukumu, lakini akilipa amemtua mwanawe mzigo, na ndivyo tunavyomshauri.

Mambo hubadilika pale mkubwa anapokuwa na mkono wake katika jambo. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj mtu wa kando anayewapandisha watoto juu ya mnyama, kisha wakagongana: dhamana humrudia yeye. Kwa hiyo kijana wa jirani anayempa mtoto wa watu baskeli bila idhini ya wazee wake ajue anachokibeba. Na mzazi naye aangalie breki. Arusha iko chini ya Mlima Meru, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na njia zake zina miteremko. Baskeli isiyo na breki kule si kama hapa Jang'ombe.

Pili, nani amemgonga nani? Swali halikutueleza, na hapa ndipo penye uzito. Ikiwa jirani alikuwa amesimama pembeni, au anakwenda upande wake wa kushoto na mtoto ndiye aliyemwingilia, dhamana yote ni ya mtoto. Ikiwa wote wawili walikuwa wanakwenda wakagongana, kila mmoja ana sehemu yake, madhhab ya Shafi inasema kila mmoja anadaiwa nusu ya hasara ya mwenzake, kwa sababu nusu nyengine imetokana na kitendo cha mwenye mali mwenyewe. Mahanbali wanasema kila mmoja hubeba hasara yote ya mwenzake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilipitisha kwamba wakishirikiana wawili katika kusababisha madhara, kila mmoja atabeba kwa kadiri ya sehemu yake. Na likasema pia kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ni wajibu. Basi wakae wazee wawili walioona, wapime.

Tatu, kinacholipwa. Anayedaiwa analipa upungufu alioutia, wala hadaiwi kitu bora kuliko kile alichoharibu. Tuchukue mfano: baskeli ilikuwa ikiuzika kwa shilingi 150,000 kabla ya kugongwa, na sasa haizidi 130,000. Deni ni 20,000, na kama wamegawana kosa, 10,000. Njia nyepesi ya kulijua hilo ni fundi, lakini fundi aulizwe vizuri, kwani gurudumu si kitu kimoja. Lina habu katikati, spoku, ringi, tyubu na tairi. Spoku zinaivuta ringi kulia na kushoto. Ringi ikiegemea kulia, fundi hulegeza kidogo za kulia na kukaza za kushoto, akizungusha gurudumu na kuangalia mpaka linyooke. Spoku iliyovunjika hubadilishwa peke yake. Hapo kudai gurudumu jipya ni kuzidisha.

Lakini ringi iliyopasuka, au iliyobonyea vibaya mahali pamoja, au iliyojikunja mpaka haipiti kwenye foko, hiyo hainyooshwi ikaaminika, na mwenye kubeba mikungu ya ndizi hapewi gurudumu la wasiwasi. Ringi ibadilishwe, na matundu yake yalingane na ya habu: baskeli kongwe za Kiingereza za inchi 28 zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, ndiyo maana si kila ringi ya dukani inafaa. Foko nayo ikaguliwe kabla hamjapeana mikono, maana pigo la mbele huikunja, na jirani akiligundua hilo wiki ya pili ugomvi unaanza upya.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mmoja wa wake wa Mtume (s.a.w.) alilivunja bakuli la chakula lililoletwa na mwenzake, na Mtume akampelekea mwenye bakuli lililo zima, akaliacha lililovunjika kwa aliyevunja. Bayhaqi ameona mabakuli yote mawili yalikuwa ya Mtume mwenyewe. Lakini wengi wameitumia hadithi hii katika mlango wa dhamana.

Pesa ya siku mbili haimo katika dhamana kwa kauli ya wanachuoni wengi, kwani ni chumo ambalo halijapatikana. Hata hivyo, mkimwongezea kitu kwa sulhu, inafaa, naye ana watoto wanaokula kwa baskeli ile. Ama kutokuwa kwake Muislamu hakupunguzi hata senti moja. Mtume (s.a.w.) alifariki na deraya yake iko rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri, na haki ya yule haikudharauliwa.

Mkishindwa kulipa kwa mara moja, andikeni deni na muda wake mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Surat Al-Baqarah aya ya 282. Na mtoto awepo mkilipa, aone.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.