Tanuu za Chokaa za Kilwa

Mtu akifika Kilwa Kisiwani huonyeshwa Msikiti Mkuu, kisha Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Hustaajabia kuba na matao. Walakini sisi twauliza neno moja dogo: chokaa yote ile ilitoka wapi? Maana pasipo chokaa mawe yale yangekuwa rundo tu.

Ilitoka katika tanuu. Nayo tanuu ya pwani si jengo la mawe lenye mdomo na tumbo, kama zile za Ulaya. Mafundi walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakaacha tundu katikati. Juu yake wakarundika matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukatiwa tunduni. Tumbawe likipata moto wa digrii 900 hivi hutoa hewa iliyofungwa ndani yake, nalo huwa jepesi na jeupe. Kisha humwagiwa maji, au huachwa linyeshewe na mvua, hata livunjike liwe unga. Na unga ule ulikaa miezi mingi kabla ya mwashi kuugusa, kwa kuwa chokaa isiyoiva hupasua ukuta. Fikirini, wasomaji, ni magogo mangapi yaliyoteketea kwa ajili ya kuba moja! Mikoko ya pwani yaijua hesabu hiyo.

Basi tanuu ikiisha kazi yake haisimami. Hubaki duara la majivu na vipande vyeupe, na mwenye shamba hulilima asijue. Lakini sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 haikutaja majumba ya wafalme peke yake. Yahifadhi kilichojengwa kwa mkono wa mtu huku Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Kwa maoni yetu, duara lile nalo limo.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaandikwa kuwa hatarini, kwa kuwa yalikuwa yakibomoka, hata mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo. Kuta zile haziponi kwa saruji. Saruji ni ngumu kupita tumbawe, huzuia unyevu usitoke, na jiwe la kale huliwa nyuma yake. Zataka chokaa ile ile. Kwa hiyo mzee ajuaye kupanga magogo ya tanuu atafutwe mapema, apewe vijana wawili watatu wa kufundisha, kabla ukuta mwingine haujaanguka.