Vyama vya Watumiaji Maji (Bomet na Kericho)

Vyama vya watumiaji maji ni jumuiya za hiari za wakazi wanaotegemea mto au chemchemi moja. Vilitambuliwa nchini Kenya na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya 2016 ikavidumisha. Katika ukanda wa chai wa Bomet na Kericho, mfano bora wa mto wa namna hiyo ni Nyangores: unatoka msitu wa Mau, unapita Tenwek na mji wa Bomet, kisha unakutana na mto Amala na kuwa mto Mara, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Tanzania.

Kazi inayoonekana haraka ni kulinda chemchemi. Wanachama huchimba hadi kwenye jicho la maji, hujaza mawe na kokoto, hujenga ukuta wa zege wenye bomba, hufunika juu kwa udongo wa mfinyanzi, hupanda nyasi na kuzungushia seng'enge. Ng'ombe hutengewa hori chini zaidi, wasichafue pale watu wanapokinga ndoo.

Kingo za mto ndizo zenye mvutano. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa mita 6 hadi 30 usilimwe, lakini kwa mwenye nusu ekari ya majani chai, mita hizo ni karo ya shule. Mikaratusi nayo hulaumiwa kwa kunyonya maji, ilhali kuni zake ndizo zinazowasha tanuri za kukaushia chai, na kiwanda hulipa. Basi viongozi wa vyama hubembeleza: panda mianzi, mabingobingo ya kulishia ng'ombe, au miti ya kienyeji. Sheria peke yake haitoshi kung'oa mkaratusi. Mara nyingi anayesikilizwa ni mzee wa kokwet, baraza la ujirani la Wakipsigis lililozoea kuamua ugomvi wa mipaka na kuitisha kazi za pamoja.

Mjini mambo ni magumu zaidi. Taka za plastiki na maji machafu ya majumbani huteremka mtoni, na mpangaji wa chumba kimoja hana shamba la kulinda wala mzee wa kumstahi. Vyama vilivyoundwa kwa ajili ya wakulima havijampatia nafasi yake.

Mto Mara wenyewe una siku yake: kila tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kwa pamoja.