Pate: Kisiwa cha Maji Kujaa na Kupwa

Kwa miaka mingi, aliyekwenda kisiwa cha Pate kutoka Lamu aliuliza maji kabla ya kuuliza nauli. Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ulipitika vyema maji yakijaa. Yakipwa, mashua zilikwama matopeni na abiria wakangoja. Miji ya kisiwa hiki imeinuka na kuanguka kwa maji hayo hayo.

Mkongwe ni Shanga, kusini mashariki. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta hapo misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Watu walisali hapo muda mrefu kabla ya kuta za matumbawe. Mapema katika karne ya 15 wakauhama mji. Kaskazini, Faza ilichomwa na Wareno mwaka 1587, mfalme wake akauawa na mitende ikakatwa. Wenyewe wakaijenga tena.

Mji wa Pate, chini ya ukoo wa kifalme wa Wanabahani, ulitukuka kuliko yote. Siwa yake, baragumu ya pembe ya ndovu, ingali katika makumbusho ya Lamu, na mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitungia hapo Utendi wa Tambuka. Lakini karibu mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa waliishambulia Lamu huko Shela. Masimulizi yanasema walipokimbilia vyombo vyao waliyakuta maji yamekupwa. Wakauawa ufukweni, na enzi ya Pate ikavunjika.

Maji yaliyoiangusha Pate yaliikinga Siyu, mji wa mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu. Mkono wake wa bahari ni wa kina kifupi, umezungukwa na mikoko. Merikebu kubwa haifiki. Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alilishinda hapo jeshi la Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, mwaka 1845. Mjane wake, Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, alimwandikia bintiye utendi mwaka 1858. Hatimaye Siyu nayo ilisalimu amri kwa Sayyid Majid, mwana wa Sayyid Said, mwaka 1863.

Leo katika magofu ya Pate watu hulima tumbaku. Majani mapana huota chumbani, chini ya zidaka za chokaa zilizowahi kupangwa vyombo vya kaure. Mvua kila msimu humega chokaa ile. Tuzitunze kuta hizi zingali zimesimama. Maji hupwa yakajaa tena; ukuta ukianguka haujiinui.