Protini mota katika viumbe vya seli moja

Protini mota ni molekuli zinazovunja ATP na kutumia nishati yake kusogea juu ya nyuzi za ndani ya seli. Viumbe vya seli moja vyenye kiini kwa kawaida vina familia tatu: miosini, inayoshika nyuzi za aktini, pamoja na kinesini na daineini, zinazofuata mikrotubuli. Mgawanyo wake hauna usawa hata kidogo. Hamira (Saccharomyces cerevisiae) ina miosini 5, kinesini 6 na daineini moja tu. Giardia, kimelea wa utumbo, hana miosini kabisa, na bado huogelea na kugawanyika vizuri.

Kimelea wa malaria, Plasmodium, ndiye anayestaajabisha zaidi. Sporozoiti, umbo la kimelea huyu linaloingizwa ngozini na mbu, hana mjeledi wala mguu, huteleza. Miosini A, iliyojikita chini ya utando wa seli, husukuma nyuma vipande vifupi vya aktini. Vipande hivyo vimeungana na protini za nje zinazonata kwenye tishu, hivyo kimelea husonga mbele, takriban mikromita 1 hadi 2 kwa sekunde. Tumboni mwa mbu mambo hubadilika: gameti dume ya kimelea huyohuyo huogelea kwa mjeledi unaoendeshwa na daineini.