Huduma shufaa kwa wagonjwa wa mapafu wasio na kansa: jinsi ya kuiomba Kasese na Bwera

Je, wewe au mtu wa nyumbani kwako ana ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, na sasa hata kuoga au kutembea hadi chooni kunamkata pumzi? Unaweza kuomba huduma shufaa. Watu wengi huijua kwa jina la hospisi na hudhani ni ya wagonjwa wa kansa peke yao. Mgonjwa wa mapafu asiye na kansa naye anastahili kuipata, na ni vizuri aiombe mapema.

Huduma shufaa ni nini?

Ni huduma ya kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa mkubwa ambao hautegemewi kupona kabisa. Inashughulikia kukosa pumzi, maumivu, kikohozi, hofu na kukosa usingizi. Inasaidia pia familia inayomtunza mgonjwa. Hutolewa pamoja na dawa zake za kawaida, kwa hiyo asiache kuvuta inhela wala kumeza dawa alizoandikiwa. Kuipokea hakumaanishi kwamba daktari amekata tamaa. Kuna wagonjwa wa mapafu wanaoishi miaka huku wakiipata.

Uganda ina uzoefu mrefu katika kazi hii. Shirika la Hospice Africa Uganda lilianzishwa Kampala mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman. Mwaka 2004 serikali iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalum waandike morfini, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kumtafuta daktari mjini.

Nani anaweza kuihitaji?

- Mtu ambaye njia zake za hewa zimeharibika kwa moshi wa kuni, mkaa au sigara. Akina mama waliopika miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha wamo katika kundi hili.
- Mtu aliyepona kifua kikuu (TB) lakini mapafu yamebaki na makovu.
- Mtu mwenye pumu kali isiyotulia kwa dawa.
- Mtu aliyevuta vumbi la mawe kazini kwa miaka, kwa mfano mgodini.

Kama kikohozi kimezidi wiki mbili, pima TB kwanza, hata kama uliwahi kutibiwa zamani. TB inatibika, na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

Niombe lini, na niende wapi?

Omba ukiona mgonjwa anakosa pumzi akiwa amekaa tu, amelazwa zaidi ya mara moja mwaka huu, anakonda, au anaogopa usiku kwa sababu ya kukosa hewa. Omba pia kama wewe unayemtunza umechoka kabisa.

Anza na mhudumu wa VHT wa kijiji chako au kituo cha afya cha karibu. Upande wa mpakani, Hospitali ya Bwera iliyo Mpondwe-Lhubiriha ni ya serikali. Hospitali ya Kagando, iliyo Kisinga, ni ya Kanisa la Uganda. Hospitali za kanisa hutoza ada, kwa hiyo uliza gharama kabla ya kulaza mgonjwa. Tatizo likizidi uwezo wao, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Fort Portal.

Ukifika sema wazi: "Mgonjwa wetu ana ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Tunaomba aonwe na mtu wa huduma shufaa." Kama Kiingereza kinakushinda, omba mtu wa kutafsiri Kiswahili, Lhukonzo au Kinande.

Katika vituo vya serikali mkimbizi hutibiwa sawa na raia. Kama umevuka Mpondwe na utahamishiwa makazi ya Rwamwanja au Kyaka II, omba barua ya rufaa na orodha ya dawa kabla ya kupanda basi. Beba dawa mkononi, usiziweke kwenye mizigo.

Pumzi ikikatika nyumbani

1. Mkalishe ameinama kidogo mbele, mikono juu ya meza, mto au magoti. Asilale chali.
2. Avute hewa kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai ya moto.
3. Fungua mlango na dirisha. Mpepee usoni kwa kipande cha boksi. Upepo unaopiga mashavu na pua hupunguza ile hali ya kukosa hewa.
4. Waombe watu waliojaa chumbani watoke. Abaki mmoja anayeongea naye kwa utulivu.
5. Ampe inhela kama aliandikiwa. Kama haijui kuitumia vizuri, mwombe muuguzi amwonyeshe jinsi ya kuvutia dawa kupitia chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini.

Kila siku, aoge akiwa amekaa, ale kidogo kidogo mara nyingi, na asibebe maji wala kuni. Pikeni nje au mbali na chumba anacholala, kwa kuni kavu. Mtu asivute sigara ndani ya nyumba.

Je, morfini itamuua?

Hili ndilo swali ambalo familia nyingi huogopa kuuliza. Morfini ya kunywa, kwa kipimo kidogo kilichoandikwa na mtaalamu, huondoa maumivu. Kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza pia dhiki ya kukosa pumzi pale dawa nyingine zimeshindwa. Ikitumiwa kama ilivyoandikwa, haiharakishi kifo.

Usiongeze kipimo mwenyewe, na usimpe mtu mwingine. Chupa za rangi tofauti zinaweza kuwa na nguvu tofauti, kwa hiyo soma maandishi kila unapopewa chupa mpya. Ifungie mbali na watoto. Huleta choo kigumu, basi omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Mgonjwa akisinzia sana hadi ni vigumu kumwamsha, au pumzi zikawa chache mno, usimpe tena na umkimbize hospitali.

Na oksijeni?

Oksijeni husaidia pale ambapo kiasi chake katika damu kimeshuka. Muuguzi hupima kwa kifaa kidogo kinachobana kidole, bila maumivu. Mtu anaweza kukosa pumzi sana na oksijeni yake iwe sawa. Huyo atafaidika zaidi na hatua tulizoeleza juu. Palipo na oksijeni kusiwe na moto, mshumaa wala sigara.

Ongeeni kabla ya usiku wa dharura

Mgonjwa akiwa na nguvu, mwulizeni anataka nini. Akizidiwa, anataka kupelekwa hospitali au kubaki nyumbani? Nani aamue akishindwa kuongea? Watoto watabaki na nani? Angependa kumwona mchungaji, padri au shehe? Kama ndugu wako Beni au Butembo, je, wamejua hali yake? Zungumzeni pia mahali pa kuzikwa, kwa sababu kuvusha mwili mpakani kunahitaji hati na pesa. Mazungumzo haya hayaleti kifo. Yanazuia ugomvi, madeni, na safari ya boda boda saa nane usiku ambayo mgonjwa mwenyewe hakuitaka.

Nenda hospitali mara moja kama:

- midomo au kucha zimegeuka rangi ya buluu au kijivu;
- anashindwa kumaliza sentensi moja, na inhela haisaidii;
- anakohoa damu;
- ana homa kali, maumivu mapya ya kifua, au amechanganyikiwa.

Kama mgonjwa aliamua kubaki nyumbani, mpigie kwanza muuguzi wa huduma shufaa anayemfuatilia. Hifadhi namba yake leo.

Mkimbizi aliyenyimwa huduma, au aliyeombwa pesa kwa huduma iliyo bure, anaweza kupiga simu bila malipo 0800 323232.